Macho ya Uzi

Simu ilimkuta Gacheri juu ya ngazi dukani kwake, Mikinduri, akipangusa vumbi kwenye rafu tatu alizokuwa ameziacha tupu wiki mbili nzima. Rafu hizo zilikuwa zikisubiri katoni arobaini na moja za vitu vya kuchezea watoto, mzigo wa kwanza aliowahi kuagiza mwenyewe kutoka Uchina. Kila mteja aliyeingia kununua daftari au kalamu alikuwa ameshaambiwa: Krismasi hii usihangaike kwenda Meru mjini, kila kitu kitakuwa hapa.

Aliyepiga ni Gichovi, ajenti wa Embu aliyewatolea wafanyabiashara wadogo mizigo yao forodhani.

"Mama Kaari, vitu vimefika," akasema. "Viko kwa stoo yangu hapa Embu, mtaa wa Dallas. Lakini usikuje na gari bado. Vimepigwa sili."

"Sili ya nini?"

"Wenzako wa kontena moja waliagiza masufuria na mapazia, hao walishabeba. Yako imeandikwa vitu vya watoto. Vitu vya watoto vinatakiwa viwe na cheti kwamba vilikaguliwa huko vinakotoka, kabla vipande meli. Huyo muuzaji wako alituma karatasi ya bei peke yake. Wametukubalia tuvilete hapa, lakini visiguswe. Mkaguzi wa viwango anakuja Alhamisi."

Gacheri akashuka ngazi na kukaa kwenye kidato cha mwisho. "Nilimwuliza yule muuzaji kama kila kitu kiko sawa."

"Akasema?"

"Alinitumia picha ya kidole gumba."

Gichovi akacheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Iko njia. Naandika barua kwamba karatasi ilikosewa, kwamba hii ni mapambo ya nyumba. Mapambo hayasumbuliwi hivyo. Kazi yako ni kuweka sahihi tu, Alhamisi asubuhi kabla mkaguzi afike. Ongea na mwalimu, bwana yako, halafu mniambie."

Simu ilipokatika, Cicily, mwenye duka la nguo la upande wa pili, alikuwa ameshasimama mlangoni. Alizitazama rafu tupu, akamtazama Gacheri, akazitazama tena rafu.

"Bado hawajaleta?"

"Bado kidogo."

"Mimi nilishamwahidi mjukuu," Cicily akasema, akaondoka akitikisa kichwa kama mtu aliyetoka kutazama mgonjwa.

Jioni ile Mithika, mume wa Gacheri, alirudi kutoka shuleni alikofundisha darasa la sita. Kama alivyofanya kwa miaka mingi, alibadilisha viatu, akachukua ndoo ya maziwa, akafika hadi mlango wa zizi. Ndipo alipokumbuka. Ng'ombe wawili wa maziwa walikuwa wameuzwa mwezi wa saba ili Gacheri apate mtaji wa kuagiza mzigo ule. Akarudisha ndoo jikoni, akachukua chupa ya plastiki na kwenda kwa jirani kununua maziwa ya chai. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akinunua maziwa kwa Mithika tangu wajuane. Hakusema neno la kejeli, alimwongezea tu kidogo ya bure, na hicho ndicho kilichomuuma Mithika zaidi.

Aliporudi, Gacheri alimweleza habari ya Gichovi. Mama yake Mithika, Bi Ciakuthii, alikuwa ameketi karibu na meko akimlisha Kaari uji wa wimbi. Kaari alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na alipenda kukamata kijiko kwa meno na kutokiachilia.

"Basi weka hiyo sahihi," Mithika akasema. "Neno ni neno tu. Mapambo, vichezeo, nani atakuja kuuliza huku Mikinduri?"

"Ningependa kwanza nione huyo mkaguzi atasema nini."

"Atasema nini? Atasema vichomwe. Nilikuambia uendelee na daftari. Daftari haipigwi sili."

"Ulisema pia kwamba hao ng'ombe ni kelele tu asubuhi."

"Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa umeshaamua."

Bi Ciakuthii hakuingilia. Aliendelea kuvuta kijiko taratibu kutoka kinywani mwa mjukuu wake, akisubiri meno yachoke.

Alhamisi asubuhi Gacheri alishuka Embu mjini akatembea hadi mtaa wa Dallas, penye nyumba ya Gichovi na stoo ya mabati nyuma yake. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa waya mwembamba wenye kidude cha rangi ya chungwa chenye nambari. Alishangaa jinsi kitu kidogo vile kilivyoweza kumzuia mtu mzima.

Gichovi alimpokea kwa heshima, akampa kiti na chai, kisha akatoa barua iliyochapwa na kalamu. "Mkaguzi atafika saa nne. Weka sahihi hapa chini. Mwalimu alinipigia jana, akaniambia niitayarishe, mmeshakubaliana."

"Mwalimu alikupigia?"

"Jana saa kumi hivi."

Gacheri aliishika kalamu. Aliisoma barua mstari kwa mstari, hata pale paliposema kwamba bidhaa hizo ni mapambo ya nyumba na wala hazikukusudiwa watoto. Hakuikataa barua ile kwa sababu ya wema. Aliikataa kwa hasira. Mithika alikuwa ameketi naye mezani usiku uliotangulia, amekula, ameomba dua ya chakula, na hakusema neno. Gacheri aliirudisha kalamu juu ya barua.

"Mwalimu ndiye ameagiza mzigo?" akauliza.

"Hapana, lakini…"

"Basi tungoje mkaguzi."

Mkaguzi alifika na begi la ngozi na viatu vya kutembelea mbali. Aliitwa Phyllis Igoki, mama wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa nyanda kavu za Mbeere, anayesema polepole kama mtu anayepima kila neno. Alisalimia kila mtu, akakagua nambari ya sili, akaikata, akaomba afunguliwe katoni moja ya kila aina. Kulikuwa na magari madogo, matofali ya plastiki ya kujengea, filimbi zilizopakwa rangi nyekundu na manjano, na dubu wa manyoya mia nne na ishirini. Dubu ndio waliokuwa fahari ya Gacheri. Walikuwa wa kahawia, wanene, na macho meusi ya plastiki yanayong'aa.

"Hawa ni wazuri," Bi Igoki akasema, na Gacheri akachangamka.

Kisha akatoa kwenye begi kibanio kilichofungwa kwenye kipimo chenye mshale. Akalibana jicho la dubu, akavuta taratibu huku akitazama saa yake. Hazikupita sekunde tano. Jicho likang'oka kwa mlio mdogo, kama njegere inayopasuka motoni.

Akatoa tena kikopo cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. "Hiki kimetengenezwa kwa kipimo cha koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitu kikiingia chote humu, kinaweza kumziba." Akaliachilia jicho. Likaanguka hadi chini, halikugusa hata ukingo.

"Mimi ni mama," Gacheri akasema, na alisikia sauti yake ikiwa kali kuliko alivyotaka. "Najua watoto. Hakuna mtoto anavuta kitu kwa mashine."

"Una mtoto wa umri gani?"

"Mwaka mmoja na miezi minne."

"Ana meno?"

Gacheri akakumbuka kijiko cha uji.

Bi Igoki akaandika kwa muda mrefu. Kisha akaeleza, bila kumdharau na bila kumbembeleza. Sampuli za magari, matofali na filimbi zingepelekwa maabara kupimwa rangi. Majibu baada ya wiki mbili. Hata zikifaulu, kila moja ingehitaji lebo ya kueleza umri unaofaa na jina la aliyeagiza, maana maandishi yaliyokuwepo yalikuwa ya Kichina peke yake. Dubu walikuwa wameshaanguka mtihani.

"Kwa hivyo watachomwa," Gacheri akasema.

"Wanaweza kurudishwa walikotoka, kwa gharama yako. Wanaweza kuharibiwa, pia kwa gharama yako. Au unaweza kuomba kuwarekebisha, nikiwa nimesimama hapo nikiona, halafu nawapima upya." Akafunga begi. "Hiyo ya tatu watu hawaichagui. Ni kazi nyingi."

Gacheri alipofika nyumbani, Mithika alikuwa amesimama uani. Usoni alikuwa na ule mwonekano wa mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu ameshaona. Gichovi alikuwa amempigia.

"Nilifikiri nakusaidia," akasema.

"Ulifikiri mimi ni wa darasa lako."

Akampita, akaingia ndani moja kwa moja hadi kitanda cha Kaari. Mwezi wa tano yule muuzaji alikuwa amewatumia dubu mmoja wa mfano, na tangu siku ile Kaari hakulala bila yeye. Gacheri akamgeuza. Upande wa kulia palikuwa na jicho. Upande wa kushoto palikuwa na shimo dogo lenye uzi uliokatika.

"Mama," akaita. Bi Ciakuthii akaja akifuta mikono. "Jicho la huyu tedi liko wapi?"

Bikizee akamtazama dubu, akafikiri. "Kumbe ni lake."

"Nini ni lake?"

"Nilikipata kwa nepi. Kitambo, mahindi yakiwa bado mabichi. Nikajua ni kifungo cha shati ya baba yake. Nikakiosha, nikakiweka kwa kopo la vifungo." Akawatazama wote wawili, akaona nyuso zao. "Kilipita vizuri. Hakulia hata."

Mithika akamnyanyua Kaari kutoka sakafuni, akamfungua kinywa kwa kidole, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kisima. Kaari akamuuma. Hakuutoa mkono. Alisimama hivyo, kidole kikiwa katikati ya meno ya binti yake, na machozi yakamlengalenga, na si kwa sababu ya kuumwa.

"Ningeweka sahihi," akasema hatimaye. "Ningewauzia watu mia nne na ishirini."

"Hata mimi nilishika kalamu," Gacheri akasema. Hasira ilikuwa imemwisha bila yeye kujua ilipotelea wapi.

Bi Ciakuthii alikuwa amemchukua yule dubu, akimgeuzageuza karibu na dirisha. "Kwa hivyo shida ya hawa wengine wote ni macho tu?"

"Ni macho tu, Mama."

"Na yakishonwa kwa uzi, mtoto atameza nini?"

Wote wawili wakageuka kutazama makochi. Kila kochi la nyumba ile lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe chenye maua, ndege na mistari ya Biblia, vyote vimeshonwa kwa mkono wa Bi Ciakuthii na wenzake wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Hapakuwa na sebule Mikinduri nzima isiyokuwa na vitambaa vyao.

Mithika aliandika barua ya maombi mara tatu. Ya kwanza Gacheri aliikataa kwa sababu ilikuwa ndefu kama hotuba. Ya pili aliikataa kwa sababu ilimlaumu muuzaji. Ya tatu ilisema tu walichotaka kufanya, kwa uzi gani, kwa mishono mingapi, na nani wangekuwa washonaji. Mithika aliipeleka mwenyewe hadi Embu, na Bi Igoki aliisoma mbele yake akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Baadaye Mithika alisema kwamba hajawahi kuogopa kalamu nyekundu namna ile, ingawa ameishika miaka kumi na tano.

"Uzi mara nne, na fundo liingie ndani," Bi Igoki akasema. "Na kila jicho la plastiki litakalotolewa nitalihesabu. Dubu mia nne na ishirini, macho mia nane na arobaini. Likipungua moja, hatuondoki."

Shule zilikuwa zimeshafungwa. Jumatatu ya kwanza ya Desemba, basi la kanisa liliondoka Mikinduri na akina mama ishirini na wawili, magunia mawili ya viazi, mahindi ya kuchemsha, sindano, na uzi mweusi wa kufuma uliomaliza stoki ya maduka mawili. Cicily alikuwa kiti cha mbele. Alisema anakwenda kuhakikisha ahadi ya mjukuu wake.

Kwa siku tatu ua wa Gichovi ulikuwa kama harusi. Akina mama walikaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, dubu wakiwa wamelundikwa katikati kama mavuno. Mithika alikata macho ya plastiki kwa kisu na kuyatumbukiza kwenye mtungi, huku Bi Igoki akiweka alama katika kitabu chake. Mke wa Gichovi alileta chai, akakaa kidogo atazame, na dakika kumi hazijaisha alikuwa na sindano.

"Nyinyi watu wa Meru mnashona jicho kama mnashona gunia," akasema.

"Na nyinyi wa Embu mnashona kama mnaogopa dubu ataamka," Bi Ciakuthii akamjibu, na mikeka yote ikacheka.

Siku ya kwanza walijaribu kufanya macho yote yafanane. Ikashindikana. Mkono wa kila mmoja ulikuwa na tabia yake. Dubu wa Cicily walikuwa na macho ya kushuku, kama wanakuuliza chenji iko wapi. Wa mke wa Gichovi walikuwa na usingizi. Wa Bi Ciakuthii walitazama kando kidogo, kama mtu anayezuia kicheko kanisani. Gacheri alianza kuwa na wasiwasi.

"Wateja watataka wa kufanana," akamwambia mama mkwe.

"Umezaa mtoto mmoja tu ndiyo sababu unasema hivyo," Bi Ciakuthii akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ukizaa wa pili utajua hakuna wa kufanana."

Hata Gichovi, ambaye siku ya kwanza alipitapita na simu sikioni kama mtu mwenye shughuli kubwa, siku ya pili aliketi akaanza kuwatungia akina mama uzi kwenye sindano. Macho yake yalikuwa bado mazuri, ya wengi wao yalikuwa yamechoka. Hakusema lolote juu ya ile barua ya mapambo, lakini mke wake alimwambia Gacheri kwamba aliitumia kuwashia jiko.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, dubu wa mwisho aliwekwa juu ya lundo. Bi Igoki akamwaga mtungi juu ya meza na kuanza kuhesabu kumi kumi. Alipofika mwisho akarudia tena.

"Mia nane thelathini na tisa."

Akina mama waliinuka, wakakung'uta kanga na mikeka, wakapekua vikapu, wakaangalia ndani ya sufuria ya viazi. Cicily alivua kilemba. Bi Ciakuthii alitazama kwa muda mrefu ndani ya kikombe chake cha chai, kisha akasema kwamba kama amelimeza, watalazimika kumsubiri hadi kesho. Mithika alitembea ua mzima mara mbili ameinama, na kila alipopiga hatua jiwe la ua lilitoa mlio: tik, kimya, tik, kimya.

"Mwalimu," Bi Igoki akasema. "Simama. Inua mguu."

Jicho lilikuwa limenasa katikati ya soli ya kiatu chake cha kulia. Alilichomoa kwa kisu, akalipeleka mezani kwa mikono miwili kama mtoaji wa sadaka, na ua wote ukapiga makofi. Bi Igoki akaandika mia nane na arobaini. Kisha akachagua dubu kumi bila kutazama, akawabana jicho mmoja baada ya mwingine, akavuta hadi mshale ukafika mwisho wake. Uzi ulinyooka, manyoya yakainuka, kichwa cha dubu kikarefuka kidogo. Hakuna jicho lililotoka. Alivuta la kumi muda mrefu kuliko yote, mpaka Gacheri akashika bega la mume wake.

"Hawa wamefaulu," Bi Igoki akasema. Kisha, akiwa ameinamia kitabu chake: "Nikimaliza kuandika, mtanifundisha huo mshono."

Si kila kitu kilifaulu. Majibu ya maabara yalisema rangi ya filimbi ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kupita kiasi. Katoni tatu zilisagwa mbele ya Gacheri na akaweka sahihi kwamba ameona. Alisikitika, lakini alijishangaa kwamba hakulala vibaya siku ile. Magari na matofali yalipita, kwa sharti la lebo. Mithika alizitunga mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na alizipeleka kwa mchapaji wa Meru mjini baada ya kubishana na Gacheri nusu saa juu ya koma. Chini kabisa ilisomeka: Imeagizwa na Gacheri wa Mikinduri. Yeye ndiye aliyezibandika zote, moja moja, na hakuna hata moja iliyokwenda upande.

Siku ya soko iliyotangulia Krismasi, foleni ilitoka dukani ikapita duka la Cicily hadi kwenye wauza ndizi. Watu hawakuchukua dubu wa kwanza waliyepewa. Waliwageuza nyuso, wakawalinganisha, wakabishana. Mama mmoja alirudisha watatu kabla ya kumpata aliyemtaka, akasema sasa huyu ndiye. Mzee mmoja alinunua wawili wa Cicily kwa sababu walimkumbusha dada zake. Msichana wa chuo aliuliza kama dubu hawa wana majina, na Bi Ciakuthii, aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango na Kaari mapajani, akamwambia kila mmoja hupewa jina na mwenye kumnunua akifika nyumbani.

Saa sita hivi gari kubwa jeusi lilisimama, akashuka Muthamia. Hakuna mtu Mikinduri asiyemjua. Malori yake ndiyo yaliyobeba miraa ya nusu ya tarafa, na huko sokoni watu humtengea njia kabla hajaiomba. Foleni ilijisogeza yenyewe. Mithika alikuwa kwenye meza ya mauzo, na Gacheri alikuwa ndani nyuma ya pazia, akifungua katoni nyingine.

"Mwalimu, nifungie hii gari nyekundu," Muthamia akasema. "Na hii ya bluu. Mjukuu wangu wa kwanza amekuja kutoka Nanyuki."

"Hongera sana, mzee. Ana umri gani?"

"Miezi kumi."

Mithika aliyarudisha magari yote mawili kwenye rafu. Akachukua lingine, akageuza sanduku, akaonyesha lebo kwa kidole. "Miaka mitatu na zaidi. Magurudumu ni madogo. Hii siwezi kukuuzia."

Foleni nzima iligeuka. Hata wauza ndizi waligeuka.

"Pesa yangu ina makosa gani?" Muthamia akauliza.

"Pesa haina makosa, mzee. Ni mtoto ndiye mdogo. Wa miezi kumi anakula kila kitu, mimi wangu alikula jicho." Akasema hivyo bila haya, mbele ya soko zima, kisha akaleta dubu sita akawapanga juu ya meza. "Huyu ndiye wake. Vuta hapo kwa jicho. Vuta kwa nguvu."

Muthamia alimtazama mwalimu huyu wa darasa la sita kwa muda. Kisha akashika jicho la dubu kwa vidole vyake vinene akavuta. Akavuta tena akiwa amekaza meno. Dubu alining'inia kwenye jicho lake moja, akitazama kando, na tabasamu dogo likaanza pembeni ya mdomo wa tajiri yule hadi likawa kicheko, na foleni ikapata ruhusa ya kucheka naye.

"Nani ameshona huyu?" akauliza.

Bi Ciakuthii akainua mkono.

"Nipe watatu wake," Muthamia akasema. "Na uwafunge vizuri."

Nyuma ya pazia Gacheri alikuwa ameyasikia yote. Alijaribu kuendelea kufungua katoni akashindwa, akaketi juu yake, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga, akicheka hadi mbavu zikamuuma. Alikuwa bado amekaa hapo aliposikia noti zikiingia kwenye droo na sauti ya mume wake, ile ya darasani, ikipanda juu ya kelele za soko.

"Anayefuata. Mtoto ana umri gani?"